Stanley alikuwa mtu wa zama zake? Basi tuziulize hizo zama

Swali: "Mimi ni mzazi, ninaishi Mwanza, asili yetu ni visiwa vya Muleba. Binti yangu yuko kidato cha pili na alipewa kazi ya historia kuhusu wapelelezi wa Kizungu. Nikamwambia aandike kwamba Stanley aliua watu Bumbire, kisiwa jirani na kwetu. Mwalimu akamrudishia daftari na maelezo kuwa tusiwahukumu watu wa karne ya 19 kwa maadili ya leo, kila mtu ni wa zama zake. Nani yuko sahihi? Na majina na sanamu za watu hawa tuziache zilivyo?"

Ndugu mzazi, mpe binti pongezi zangu. Kanuni aliyoitaja mwalimu wake ni ya kweli, nami huwasisitizia wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza. Lakini anayesema "alikuwa mtu wa zama zake" amejibebesha kazi: aende akaziulize zama zenyewe zilimwonaje mtu huyo. Kwa Henry Morton Stanley majibu yapo, yameandikwa na kutunzwa, na hayamsaidii.

Twende kwanza Bumbire. Machi 1875 Stanley aliondoka Kageyi, karibu na Mwanza ya leo, kwa mashua iliyoitwa Lady Alice, akiwa na mabaharia wachache kutoka Zanzibar, nia yake kulizunguka ziwa lote. Alifika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, akapokewa kwa heshima, kisha akateremka upande wa magharibi kurudi alikotoka. Tarehe 28 Aprili, njaa ikiwa imewabana, waliingia kwenye ghuba ya Bumbire kutafuta chakula. Wenyeji wakateremka mlimani, wakaikamata mashua na watu wakiwa bado ndani yake, wakaiburuta hadi nchi kavu. Makasia yakachukuliwa. Wazee wakakaa pembeni na mkuu wao, Shekka, wakashauriana, huku wageni wakingoja juani bila kujua hatima yao. Safeni, nahodha wa mashua, alipelekwa na nguo mkononi akajaribu kuzungumza. Mwishowe, vijana wenye mikuki walipoanza kurudi, Stanley aliwaamuru mabaharia waisukume mashua majini. Wakang'oa mbao za sakafu wakapigia makasia, naye akafyatua bunduki yake ya kuwindia tembo kuelekea ufukweni. Watu waliangukia palepale.

Hadi hapo kuna la kujadili. Stanley alisimulia tukio hili kama mtego wa washenzi. Ukikaa upande wa kisiwani hesabu inabadilika: Buganda ilikuwa dola yenye mitumbwi ya vita, visiwa vya ziwa vilijua maana yake, na mgeni huyu ameingia bila kualikwa akitokea upande huohuo, tena ana silaha. Kumzuia, kumnyang'anya makasia na kumweka mpaka wazee waamue ni jambo ambalo mlinzi yeyote wa bandari angelielewa. Hata hivyo mtu aliyezingirwa na mikuki akafyatua risasi ili atoke, mimi simwiti muuaji. Tumwachie hilo.

Kilichofuata miezi mitatu baadaye ni kitu kingine kabisa. Stanley alikuwa salama, watu wake wamekula na kupumzika, na njia ya kwenda Buganda ingeweza kupitiwa kwa kukaa mbali na kisiwa. Alidai kwamba Waganda walioletwa kumchukua walikwenda Bumbire kutafuta ndizi wakashambuliwa, na akaona kuwa lazima adhabu itolewe. Kwanza alimkamata Shekka kwa hila, akitumia mateka wa kisiwa jirani cha Iroba. Kisha, tarehe 4 Agosti 1875, alifika Bumbire na mitumbwi 18 na watu zaidi ya 200, wengi wao Waganda wa mikuki, na wachache wenye bunduki. Hakushuka. Aliipanga mitumbwi mstari mmoja mbele ya ufuko, umbali ambao mshale na jiwe la kombeo havifiki lakini risasi inafika bila taabu, akaamuru watu wake wapige kwenye kundi lililosimama mteremkoni. Waliopigwa walipoingia majini kuifuata mitumbwi, walipigwa humo majini. Kwa hesabu yake mwenyewe waliokufa walizidi 30 na majeruhi walizidi 100. Upande wake hakufa mtu.

Na haya hatukuyapata kwa adui zake. Aliyaandika mwenyewe, akayatuma kwa magazeti mawili yaliyogharamia safari yake, Daily Telegraph la London na New York Herald, yakachapishwa Agosti 1876. Wapo waandishi wa wasifu wanaomtetea wakisema alikuwa na tabia ya kuongeza idadi ya maiti ili habari inoge. Huenda. Lakini tazama utetezi huo unamfikisha wapi: mtu anayeamini kwamba maiti za Waafrika zikiongezwa, gazeti litauzika zaidi.

Sasa tuje kwenye hizo zama. Habari zilipochapishwa, watu walishtuka. Chama cha Kulinda Wenyeji, kilichokuwa kikifanya kazi London tangu 1837, kilimwandikia waziri wa mambo ya nje kulalamika. Ndani ya Royal Geographical Society, chama kilichowatuza wapelelezi nishani, watu wawili walisimama kudai kitendo kile kilaaniwe: Henry Hyndman, ambaye baadaye alikuwa msoshalisti maarufu, na Kanali Henry Yule. Huyu Yule ndiye ninayetaka binti yako amkumbuke. Hakuwa mpinga ukoloni. Alikuwa mwanajeshi wa Uingereza aliyetumikia India, msomi wa safari za kale, mtu wa kuheshimika mno katika mfumo wenyewe. Naye aliona waziwazi tofauti ya kujiokoa na kurudi baadaye kulipiza kisasi. Uongozi wa chama ulikwepa, ukasema suala halikuwa la jiografia. Serikali nayo iliona aibu ikatoa maelekezo kwamba Stanley hakuwa na ruhusa ya kupeperusha bendera ya Uingereza katika safari ile, kwa sababu aliipeperusha pamoja na ya Marekani siku za mauaji.

Hata Richard Burton, mpelelezi Mwingereza ambaye maandishi yake juu ya Waafrika yamejaa matusi ambayo leo hayasomeki, aliandika katika barua ya 1876 kwamba Stanley bado anawapiga risasi watu weusi kama vile ni nyani. Burton! Ukishamfanya Burton akereke, ujue umevuka mpaka hata kwa vipimo vya wakati huo.

Aliyepokea barua hiyo ni John Kirk, konseli wa Uingereza Zanzibar. Safari ilipokwisha na wapagazi wakarudi kwa meli, Kirk aliwahoji, na mwaka 1878 akaipelekea serikali yake taarifa ya siri. Alisema kwamba kama habari yote ya safari ile ingejulikana, isingekuwa na mfano katika historia ya uvumbuzi wa Afrika kwa namna nguvu ya silaha za kisasa ilivyotumiwa ovyo juu ya watu ambao hawakuwahi hata kusikia mlio wa bunduki. Ni haki kuongeza kuwa Kirk na Stanley walikuwa na ugomvi wa miaka, tangu Stanley alipomshutumu hadharani kuwa alimtelekeza Livingstone. Kwa hiyo taarifa ya Kirk isomwe kwa tahadhari. Ila wapagazi waliotoa ushahidi hawakuwa na ugomvi huo.

Hapa ndipo utetezi wa "zama zake" unaponikera kidogo. Unapotamkwa, neno "zama" humaanisha wazungu wa London. Watu wa Bumbire nao walikuwa watu wa 1875. Safeni alikuwa wa 1875. Kila aliyefungwa kwenye mnyororo wa msafara kwa kosa la kutoroka alikuwa na maoni yake kuhusu mnyororo ule, na hakungoja karne ya 21 imfundishe kuwa unaumiza.

Mnyororo huo si mfano wa maneno. Katika safari yake ya kwanza, ya 1871, Stanley aliandika bila haya kuwa alitumia mjeledi wa mbwa kuwahimiza wapagazi wachovu kwenye matope, na waliotoroka wakikamatwa alivifunga vikundi vyao kwa mnyororo wa watumwa na kuendelea na safari. Miongoni mwa waliopigwa ni Sidi Mubarak Bombay, kiongozi wa askari wake. Mtu huyu alikuwa Myao, alikamatwa utotoni, akauzwa Kilwa kwa nguo, akapelekwa India, akapata uhuru na kurudi. Alikuwa amewaongoza wapelelezi Burton na Speke mwaka 1857, kisha Speke na Grant, na Speke naye alimtwanga ngumi. Alijua njia za bara kuliko Mzungu yeyote aliyemwajiri, na baada ya Stanley alimwongoza mpelelezi mwingine, Cameron, kuvuka bara lote hadi Atlantiki. Ukitaka kujua nani alikuwa mpelelezi, hesabu maili za Bombay.

Na ukitaka kujua gharama, tazama msafara wa kumwokoa Emin Pasha, gavana aliyekuwa amekwama kusini mwa Sudan. Mwaka 1887 Stanley aliandikisha Zanzibar zaidi ya watu 600, akawazungusha kwa meli hadi mdomo wa mto Kongo, ili aingilie msituni kutoka magharibi. Kundi la nyuma aliliacha kambini Yambuya, mtoni Aruwimi, chini ya Meja Barttelot, yeye akatangulia. Kambi ile ilikaa karibu mwaka mzima. Watu walikufa njaa na magonjwa, wengi wakila mihogo michungu isiyolowekwa, huku Barttelot akichapa watu viboko kwa makosa madogo. Kijana mmoja aliyeiba bastola alichapwa viboko 300 akafa. Stanley aliporudi Agosti 1888 alikuta zaidi ya nusu ya watu wa kundi lile hawapo tena. Barttelot mwenyewe alikuwa amepigwa risasi mwezi uliotangulia na Sanga, Mmanyema ambaye mke wake alitishwa na meja huyo kwa sababu ya kelele za ngoma alfajiri.

Halafu kuna Jameson, wa ukoo tajiri wa wauza wiski Ireland. Mkalimani wa msafara, Assad Farran, alieleza kwamba Jameson alitoa vitambaa sita ili aonyeshwe jinsi wala watu wanavyofanya, msichana wa umri wa miaka kama kumi akaletwa, akauawa mbele yake, naye akachora picha. Jameson alikufa kwa homa kabla kashfa haijatoka, na utetezi wake mwenyewe ulioachwa kwenye maandishi ni kwamba alitoa vitambaa akidhani ni mzaha, na michoro aliifanya baadaye usiku. Soma tena utetezi huo taratibu. Mwaka 1890 magazeti ya London yalijaa habari hizi kwa wiki kadhaa, familia ya Barttelot ikimlaumu Stanley na Stanley akiwalaumu marehemu. Kwa hiyo huwezi kusema kuwa jamii yao haikujua au haikujali. Ilijua, ikakasirika, halafu ikasahau: mwaka 1899 Stanley alipewa cheo cha Sir.

Kusahau huko ndiko kulikofika kwenye daftari la binti yako.

Sasa, utetezi mwingine utakaousikia ni kwamba Afrika ya wakati ule haikupitika bila bunduki. Mwulize anayesema hivyo habari za Joseph Thomson. Kijana Mskoti, mwaka 1879 alikuwa na umri wa miaka 21 alipojikuta anaongoza msafara wa Royal Geographical Society baada ya mkuu wake kufa kwa ugonjwa huko Behobeho, kusini mwa Tanzania ya leo. Mwenye kuujua msafara hasa alikuwa James Chuma, yuleyule aliyeubeba mwili wa Livingstone pamoja na Abdullah Susi hadi Bagamoyo. Walifika Nyasa, wakafika Tanganyika, wakarudi pwani bila kumwaga damu ya mtu. Mwaka 1883 Thomson alipita katikati ya nchi ya Wamaasai, ambayo misafara iliyojaa bunduki iliiogopa, akafika karibu na ziwa lilelile la Bumbire. Alilipa hongo, yaani ushuru wa njia, alipodaiwa. Alipokwama alitoa meno yake mawili ya bandia na kuyarudisha kinywani, au akamimina chumvi ya tumbo kwenye maji ikachemka, watu wakadhani ni mganga. Hila hizo zinachekesha, lakini hazikumpeleka mtu kaburini.

Nimetaja hongo kwa makusudi, maana nusu ya "uchokozi wa wenyeji" katika vitabu vya wapelelezi ni hongo tu. Msafara wa mamia ya watu ukiingia Ugogo wakati wa kiangazi unakunywa maji ya visima vya watu, unakula mtama wao, unakanyaga mashamba yao. Mtemi akidai nguo na waya wa shaba kabla ya kuruhusu upite, anatoza ushuru kama forodha yoyote. Wafanyabiashara wa pwani walilalamika, wakajadiliana, wakalipa. Mpelelezi alilipa huku akiandika kwenye shajara kwamba ameporwa, na msomaji wa London, ambaye alilipa ushuru wa barabara bila kuuita uporaji, alimwamini.

Lakini sitaki umfanye Thomson mtakatifu, na hapa ndipo binti anaweza kupata alama ambazo wenzake hawatazipata. Mtu huyuhuyu mpole alitumwa mwaka 1885 na kampuni ya Uingereza kwenda Sokoto kutafuta mikataba, na mwaka 1890 akafanya kazi hiyohiyo kwa kampuni ya Cecil Rhodes. Hakupiga mtu risasi. Alileta karatasi. Na ukipima madhara kwa vizazi, karatasi imeua zaidi ya bunduki ya tembo ya Stanley.

Stanley naye alibadilisha zana. Kuanzia 1879 alikuwa Kongo kwa ajira ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, akijenga barabara kukwepa maporomoko na, yeye na mawakala wenzake, wakikusanya alama za misalaba za machifu kwenye mikataba. Mkataba mmoja wa Aprili 1884 na machifu wa Ngombi na Mafela unaeleza kuwa kwa kipande kimoja cha nguo kwa mwezi kwa kila chifu, wao wanatoa mamlaka yote ya ardhi yao, milele, kwao na kwa warithi wao, na wanaahidi kutoa watu wa kufanya kazi. Mikataba ya aina hiyo ilipelekwa kuwa hoja wakati wa mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, ambako Stanley alikaa kama mshauri wa ujumbe wa Marekani. Miaka mitano baadaye George Washington Williams, Mmarekani mweusi aliyekwenda Kongo kujionea, alimwandikia Leopold barua ya wazi akitaja viboko, utekaji, risasi na ulaghai uliotumiwa kuwatisha machifu. Yeye pia ni mtu wa zama zile. Alifariki mwaka 1891 kabla dunia haijamwelewa, na utomvu wa mpira wa Kongo ukaendelea kukusanywa huku watu wakikatwa mikono, hadi Leopold alipolazimishwa kuiachia nchi mwaka 1908.

Kwetu karatasi ilikuja na Mjerumani Carl Peters. Tarehe 29 Novemba 1884, Msovero, Usagara, chifu Mangungo aliweka alama yake kwenye maandishi ya Kijerumani yanayosema anampa Peters nchi yake yote na haki zake zote kwa ajili ya ukoloni wa Kijerumani. Angalia tulivyofanya na kisa hiki sisi wenyewe. Tanzania leo mtu akisaini mkataba mbovu tunamwita Mangungo. Bungeni linatajwa jina hilo, mitandaoni linatajwa, kila mtu anacheka. Aliyelaghaiwa amekuwa tusi la taifa, na aliyelaghai, msomi mwenye shahada ya uzamivu aliyejua kila neno la karatasi ile, amebaki jibu la mtihani: "wakala wa ukoloni, alama moja." Peters huyu baadaye, akiwa kamishna Kilimanjaro, alimnyonga mtumishi wake Mabruk na mwanamke aliyeitwa Jagodia. Tena ni Wajerumani wa zama zake waliomfichua: mbunge August Bebel alilipeleka suala bungeni Berlin mwaka 1896, na mwaka uliofuata Peters akafukuzwa utumishi. Waliomsafisha ni utawala wa Hitler, mwaka 1937. Hapo basi utaona mwendo wa wakati si lazima uende upande mmoja. Zama zilizofuata zilikuwa chini kimaadili kuliko za kwake.

Najua kuna swali ambalo hukuliuliza ila mtu atalirusha darasani: mbona hatuwataji Waarabu na Waswahili? Tuwataje. Msafara wa Stanley wa 1876 ulishuka mto Kongo ukisindikizwa na Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, mzaliwa wa Zanzibar, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na wengi wa wapagazi wenyewe walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana wa Unguja, ambao walichukua sehemu kubwa ya ujira wao. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alishuhudia sokoni Nyangwe, Kongo, watu wa wafanyabiashara hao wakiwafyatulia risasi wanawake waliokuja kuuza samaki na mihogo. Mamia walikufa, wengi kwa kuzama mtoni. Msafara wa Mzungu na wa mtumwa ulipita njia moja, ukalala kambi moja, ukala chakula kilekile. Kumtaja Tippu Tip hakumwondolei Stanley kitu. Kunaongeza mshtakiwa.

Na Tippu Tip ametuachia kitu cha thamani: kumbukumbu za maisha yake kwa Kiswahili, zilizochapishwa Ujerumani mwanzoni mwa karne iliyopita. Humo anasimulia bila kujificha jinsi alivyoitwaa nchi kwa kudai kuwa ni jamaa wa damu wa chifu Kasongo Rushie, uongo mtupu aliousuka njiani. Anamsimulia na Stanley. Anasema Stanley alimwahidi saa yenye almasi na mali isiyo na hesabu akifika Ulaya. Kilichomfikia baadaye ni picha ya Stanley. Mwambie binti asome sehemu hiyo kwa sauti darasani, kisha asome Stanley anavyoeleza mapatano hayohayo. Matapeli wawili wa daraja la juu, kila mmoja anamlalamikia mwenzake, na kati yao wamesimama watu waliobeba mizigo.

Kuhusu swali lako la pili, la majina na sanamu, nitakuwa mfupi. Kinshasa iliangusha sanamu ya Stanley mwaka 1971, na Stanleyville ikawa Kisangani tangu 1966. Wakongo hawakuhitaji semina kuhusu hilo. Denbigh, mji alikozaliwa huko Wales, ulisimamisha sanamu yake mwaka 2011 na ukapiga kura mwaka 2021 kama ibaki. Waliotaka ibaki walikuwa 592, walioikataa 471. Ni mji wao, waamue. Malindi nguzo ya Vasco da Gama bado inaingiza watalii, ingawa shajara ya safari yake ya 1498 inaeleza jinsi mateka waliokuwa melini, meli zikiwa Mombasa, walivyomiminiwa mafuta yanayochemka ili waseme walichojua. Sioni sababu ya kuibomoa. Naona sababu ya mwongoza watalii kusema habari za mafuta yale pale anaposimama kupigwa picha na wageni.

Hapa Tanzania mahali pa kuanzia ni Ujiji. Kwenye makumbusho yale kuna sanamu mbili za watu wazima, Livingstone na Stanley, wanasalimiana. Stanley mwenyewe aliandika kwamba aliyetangulia kumsalimu siku ile, kwa Kiingereza, katikati ya umati, ni Susi, na ndiye aliyekimbia kumwambia bwana wake kuwa mgeni amefika. Bombay naye alikuwapo, amemleta Stanley kutoka Bagamoyo. Ikipatikana fedha ya sanamu ya tatu na ya nne, majina tayari tunayo.